Nilivyokwenda pekupeku hadi magofu ya Kaole, mke mwenzangu akabebwa

Wakuu, aliye mkubwa kwangu shikamoo, ila sidhani kama yumo humu. Nyinyi wengine niamkieni.

Mjukuu kanifunza simu. Herufi zikikosewa ni zangu, na ukweli ni wangu pia.

Ulikuwa mwaka wa makopa. Muhogo mkavu asubuhi, muhogo mkavu usiku, wali tuliuona kwenye maulidi tu. Mwingereza bado yupo.

Mume wangu Mohamedi alishikwa na homa mpaka akakata kauli. Nikaweka nadhiri: akipona, nitatembea pekupeku toka kwetu Mkange mpaka makaburi ya kale ya Kaole, nifukize ubani kwa mkono wangu.

Akapona. Alipopona, akaoa.

Mke mdogo, Zuhura, nyayo laini kama maandazi. Siku ya safari naye kajifunga khanga: "Dada, nami nakuja kushukuru." Miguuni makubadhi mapya. Kanunua nani? Mgonjwa wangu!

Mohamedi akatusindikiza. Mto Wami tukavushwa kwa mtumbwi, tukalala njiani. Mchanga wa moto, miiba, malengelenge yakipasuka yanaota mengine. Sikulia. Zuhura mbele, kwa, kwa, kwa. Kila mlio wa kubadhi naupokea moyoni.

Sasa Kaole, kuingia makaburini sharti uvue viatu. Kila mtu! Nikacheka kimoyomoyo. Kuta zimebomoka, chini ni matumbawe makali kama wembe.

Zuhura hakufika mbali. "Uwii, mume wangu!" Mohamedi akamweka mgongoni. Mgongo niliouombea mimi!

Nikapita na damu yangu, nikafukiza ubani. Nadhiri ikatimia.

Akamshusha, akanijia anatweta: "Na wewe bi mkubwa, panda nikubebe."

Nikamwambia: "Sipandi mgongo wenye jasho la mwenzangu."

Funzo, mabinti: mkimwombea mume uzima, mwambieni Mungu kabisa, uzima wa kukaa na nani.

Wenye wake wenza semeni. Na nyinyi wanaume mnaobeba mmoja, njooni mjitetee, komenti zote nasoma.

Mtaniuliza kama nililegea. Njia nzima ya kurudi alinibembeleza, miguu yangu imevimba kama mafenesi. Pale Wami akapiga magoti topeni, wavushaji wanatazama: "Mke wangu, nakuomba, panda."

"Sipandi mgongo wenye jasho la mwenzangu."