Michi Mitatu Nyuma ya Gurudumu

Juzi nilisimama kwenye gereji moja pale Shangani, nikimtazama kijana akifungua nati za gurudumu kwa mashine ya upepo. Trr, trr, kamaliza. Nikacheka peke yangu, maana mimi, rafiki yangu, nakumbuka nati moja tu iliyotuweka roho juu kijiji kizima.

Ulikuwa msimu wa korosho, nami bado nasoma shule ya msingi. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Madimba, na mavuno yetu yalibebwa na lori la jirani, mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: kila Ijumaa aliliingiza baharini Mikindani kuliosha, ling'ae kabla ya sala. Liling'aa kweli. Lakini chumvi ilikuwa ikizila nati kimya kimya.

Siku hiyo lori limeshajaa magunia, tairi la nyuma likaisha pumzi. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Ruvuma, na turubai lilikuwa matundu matupu. Korosho zikilowa, ghalani hawazipokei, na sisi hatukuwa na zao jingine la kuuza mwaka ule.

Jirani akalipiga jeki, akaweka magogo, akaanza kufungua. Nati zikalia, zikatoka. Ya mwisho ikagoma. Akaipanda spana kwa miguu, na hapo ndipo alipoharibu: bolti yenyewe ikalegea kwenye tundu lake, ikawa inazunguka pamoja na nati. Akakaa chini, akajifuta jasho kwa kofia.

Mama alikuwa uani akitwanga mihogo na bibi na shangazi, kinu kimoja, michi mitatu, kwa zamu bila kugongana. Akaja, akachuchumaa, akatazama.

"Shemeji, bolti inakukimbia kwa kuwa imelegea. Tukilivuta gurudumu lije nje, si itabanwa?"

"Tutalivuta na nini, shemeji?"

Mama akarudi na mchi wake. Bibi akaguna, kwani kwake mchi kutoka uani ilikuwa marufuku, kisha naye akaleta wa kwake, na shangazi akaleta wa tatu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema.

Wakaichomeka michi nyuma ya gurudumu, wakabinua kwa pamoja, shangazi akiongoza wimbo wa kutwangia. Bolti ikabanwa, ikatulia. Jirani akasukuma spana taratibu. Nati ikalia kriii, ikaja.

Mvua ilinyesha korosho zikiwa zimeshapokelewa ghalani. Wanawake wa kwetu walizoea kupanda juu ya magunia, lakini siku ile jirani alimfungulia mama mlango wa mbele. Nilijivuna hadi nikashindwa kula.

Siku hizi unga tunasaga mashineni, vinu vimeoza, na wale watatu wote wamelala makaburini kijijini. Nikisikia mtu anasema wanawake wa zamani walijua jikoni tu, natikisa kichwa. Mimi nilimwona mama yangu akienda ghalani kwenye kiti cha mbele, dirisha wazi, kanga ina unga, hamsalimii mtu mpaka asalimiwe.