Ua wa Misipresi Kando ya Barabara ya Hasamba

Siku ya kwanza kazini Sista hakunipa jembe. Alinipa kamba na vijiti. "Ambilikile, utanipandia ua," alisema, "mnene hata jicho lisipenye." Sista huyo alikuwa Mzungu, mkuu wa kituo cha wazazi kando ya barabara iendayo Hasamba. Mimi nilitoka shamba la kahawa la mlowezi, mikono migumu na kichwa kigumu zaidi.

Ninyi vijana mnajenga ukuta wa tofali, mmemaliza. Kwetu siku zile mkamwana na baba mkwe hawakuonana. Akimwona mzee anakuja, mwanamke huacha njia akaingia kichakani mpaka apite. Sasa kituo kiko barabarani, na barabara ndiyo ya wazee wote kwenda mashambani. Wanawake waliona heri wafie nyumbani kuliko kuonekana pale na tumbo. Tabita, mke wangu, alimzaa mtoto wetu wa kwanza nyumbani, na mtoto hakuishi. Kwa hiyo ua ule kwangu haukuwa pambo.

Kabla yangu waliweka matete. Mchwa waliyala, na yaliyobaki yalikuwa na matundu. Mimi niliotesha misipresi kitaluni, mti usiopukutisha majani mwaka mzima na unaokua haraka. Mvua za kwanza nikaihamishia kwenye mtaro wenye samadi, futi tatu toka mche hadi mche. Mche ukifika kiunoni unapunguza ncha, utoe matawi ya pembeni. Unanyoa chini pawe papana na juu pawe pembamba, jua lifike majani ya chini. Ukigeuza, ua unabaki na miguu mitupu. Mwaka wa nne ua ulinipita kichwa, na wanawake wakaanza kuja.

Kisha nikaharibu mwenyewe. Sista alikwenda likizo Ulaya, na upande wa barabara ua ulikuwa umevimba. Dresa wetu, mtoa dawa, akaniuliza kama ninajua ninachofanya. "Mimi ni mtu wa kahawa," nikamjibu, kifua mbele. Mti wa kahawa ukichoka unaukata kisiki, kimo cha goti, na mvua ikinyesha unachipua upya. Nikakata misipresi kumi na miwili vivyo hivyo. Mvua ikanyesha, nikangoja, nikangoja tena. Msipresi ukiukata chini ya majani yake mabichi hauchipui kamwe. Nilikuwa nimeua ua.

Mwezi huohuo Tabita akaniambia ana mimba. "Kituoni siendi," alisema. "Baba yako anapita pale asubuhi na jioni. Panda kwanza miti yako."

Sista aliporudi alilitazama lile pengo kwa muda mrefu. "Hutaondoka hapa mpaka mimi mwenyewe nisilione," alisema. Basi nikang'oa visiki vyote, nikabadilisha udongo, nikapanda upya, nikabeba maji toka kijitoni kila siku. Lakini mti hauna habari na haraka yako. Tumbo la Tabita lilifika mwezi wa nane, misipresi imefika gotini.

Nilibaki na njia moja, kwenda kwa baba. Alikuwa mzee mkali, na kazi yangu aliiita kunyoa miti. Nikamweleza yote, macho chini.

"Umekata mingapi?"

"Kumi na miwili, baba."

"Kama kahawa?"

"Kama kahawa."

Akasema, "Nitapita bondeni. Mpaka lini?"

"Miaka mitatu."

Akanitazama. "Wewe," alisema, basi. Kesho yake nilimwona na goti lake bovu akiteremka kwenye matope ya bonde, njia ndefu maradufu. Niliona aibu hata machozi yakanitoka, sifichi. Baada ya siku chache wazee wenzake wakamfuata.

Sekela alizaliwa kituoni, mama yake mzima.

Nimestaafu sasa. Nimewapandia watu nyua nyingi, na kila ninapopanda ninamwonyesha mwenye nyumba mahali pa kutokata kabla ya mahali pa kukata. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile Sista alipopita barabarani, akarudi, akapita tena, akasema halioni pengo. Nilikwenda mbio kumwambia baba.

Akaja kwa barabara, taratibu. Akaingiza mkono kwenye majani mpaka kwenye kiwiko, hakuona upande wa pili. Ndani, Tabita alikuwa amemleta Sekela kupimwa, na mtoto alikuwa akicheka. Baba alisimama akimsikiliza mjukuu wake mpaka kicheko kikaisha. Kisha akautazama mkasi mkononi mwangu.

"Huo," alisema, "weka mbali na shina. Goti langu halitaki tena bondeni."