Bi Hind Huanzia Kulia

Shangazi yangu Bi Hind, wa Michenzani, hajapata kuingia skuli hata siku moja, na ole wako umwite asiyejua kusoma. Alisoma chuoni, kwa maalimu wa Kurani. Barua za marehemu mumewe alizijibu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mpaka leo daftari lake la mapishi huanza pale ambapo langu humalizika.

Mwaka jana daktari alimwambia kuwa sukari imepanda, itabidi ajidunge sindano mwenyewe kila siku. Anaishi peke yake. Basi tulipoitwa kituo cha afya kuijaribu sindano mpya, iliyofanana na kalamu, hakwenda kwa mchezo.

Kijana aliyeibuni, Anuar, mtoto wa mjini, alimwamkia kwa adabu. Akampa kalamu yenye maji matupu, ndimu badala ya tumbo, na kadi ya maelekezo, picha tatu bila ya neno wala namba.

"Picha zinafahamika na kila mtu, Bibi. Kipimo chako ni kumi."

Bi Hind akavaa miwani. Akaidunga ndimu, akabonyeza, akachomoa. Akazungusha kipimo mpaka kumi. Halafu akaielekeza kalamu juu, akabonyeza tena, maji yote yakaruka hewani. Ndimu haikupata hata tone.

Anuar akaandika: mtumiaji amekosea. Akamgeuzia fomu atie saini.

"Sitii," akasema Bi Hind. "Nimefuata picha zako. Ya kwanza kudunga, ya mwisho kurusha."

"Ya kwanza ni hii ya kushoto, Bibi. Unatoa hewa, unapima, ndiyo unadunga."

"Nani kasema kushoto? Mie nnasoma kutoka kulia mwaka wa sitini huu. Ingekuwa dawa kweli, nshaimwaga yote. Mngenizika mkasema nimekosea."

Niliona haya, nakiri, nikamvuta buibui. Akautoa mkono wangu.

"Waite Rahila na Ulfat pale kwenye benchi," akamwambia Anuar. "Tumesoma chuo kimoja. Wape kadi, usiwaambie kitu."

Wote wawili walianzia kulia. Ndimu zote zikabaki kavu.

Anuar aliichukua tena fomu. Akayafuta maneno yake, akaandika: kadi imekosea. Kisha akatia namba chini ya kila picha, za Kiarabu na za Kizungu.

Hapo Bi Hind akachukua peni. Anuar akamwonesha mstari wa saini, kidole kimesimama kushoto. Shangazi akakisogeza kile kidole, akaanzia kulia.