Afadhali Waseme Nimelewa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa na mvi zangu hizi, najikuta nimeinamisha uso. Ni siku niliyokwenda Mahoo kuposa.

Nilikuwa fundi wa magari hapa Voi, kijana mwenye mikono michafu na jina safi. Kisukari kilinipata nikiwa bado shuleni, na tangu hapo naishi kwa sindano. Waliojua ni mama yangu na bibi yangu kule Ronge, basi. Mjomba aliyenipokea mjini hakujua. Naomi, msichana niliyempenda, hakujua pia, maana niliogopa atamwambia mama yake, na mama yake aulize nani huoza binti kwa mgonjwa. Nikajiambia nitasema baada ya harusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Lakini kijana akisikia methali hudhani inamhusu jirani.

Tulifika kwao Naomi adhuhuri, mimi, mjomba na mkewe. Harufu ya ndizi za nyama ilikuwa imejaa uani, nikajua chakula ki tayari, kwa hiyo nikajificha nyuma ya gari nikajidunga sindano yangu. Sikujua desturi ya nyumba ile. Baba yake Naomi alikuwa mzee wa kanisa, na kwake hakuna aliyegusa kijiko kabla ya maneno kwisha. Sala ikawa ndefu. Utambulisho ukawa mrefu zaidi, kila shangazi akisimama na hadithi yake. Dada mdogo wa Naomi alipita na soda, nikakataa kwa adabu, nikiogopa sukari. Ah, mwanangu! Soda ile ndiyo ingeniokoa. Ukishajidunga usipokula, sukari hushuka mwilini, na ikishuka sana, akili huondoka ukiwa bado umekaa kitini.

Jasho likaanza. Mikono ikatetemeka. Niliona midomo ya watu ikienda, lakini maneno yalinifikia kama redio isiyoshika stesheni. Ndipo mzee akanigeukia.

"Kijana, mjomba wako amekusemea vizuri. Sasa tunataka kukusikia wewe mwenyewe. Umekuja kutafuta nini kwetu?"

Nikacheka. "Nimekuja kununua ndizi," nikasema. "Na mfanye haraka, gari linaondoka."

Mengine nimesimuliwa, siyakumbuki. Kwamba nilisimama nikaangusha trei ya glasi. Kwamba nilimwambia mama mkwe apunguze bei. Kwamba Naomi alitoka chumbani, akaniona nikiyumba, akajifunika uso kwa leso.

"Amelewa," baba yake alisema kwa sauti ya chini. "Mchukueni mtu wenu."

Garini mke wa mjomba alinilazimisha kunywa soda, akidhani itakata pombe, na bila kujua akanirudisha duniani. Akili iliporudi, jambo la kwanza nililosikia ni mjomba akisema, hata hasira hana, "Ningejua unakunywa, nisingesimama pale kukusifu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Ulimi ulikuwa wangu tena, akili ilikuwa yangu tena. Nikasema, "Nisamehe, mjomba. Nilionja kidogo asubuhi, kutoa woga."

Ya Mahoo niliyafanya bila akili. Hilo nililifanya nikiwa na akili timamu, na ndilo linaloniumiza.

Nilikwenda Ronge kujificha. Habari zilikuwa zimenitangulia. Bibi alikuwa uani akipura maharagwe, hakuinua kichwa.

"Wanasema ulilewa."

"Ndiyo, bibi."

"Wewe hujawahi kuonja hata pombe ya miwa. Ilikuwa sukari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona umekubali jina la mlevi?"

"Mlevi huacha pombe, bibi. Mimi nitaacha nini? Afadhali waseme nimelewa."

Akaiweka fimbo chini. "Mjomba wako umembebesha mzigo ambao hukumwonyesha. Na huyo msichana ungemwoa, siku moja uanguke mbele yake, asijue akupe nini, ufe, abaki akidhani ni yeye aliyekuua. Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Sitaki kukuona hapa. Nenda ukaseme."

Mjomba alipokuja kunirudisha Voi, nilimwambia tukiwa njiani, karibu na mashamba ya mkonge ya Mwatate. Alisimamisha gari, akashuka, akasimama kando ya barabara akinipa mgongo. Kisha akarudi, akageuza gari, akaendesha hadi Mahoo.

Nikasema yote mbele ya wazee wa Naomi. Baba yake alitikisa kichwa. "Tungekupa ndizi mlangoni, kijana. Nani alikuambia sala inakataza mgonjwa kula?"

Lakini Naomi aliomba kusema. "Ugonjwa siuogopi. Shangazi yangu anao. Ila walikuita mlevi, nikalia wiki nzima, nawe ulijua ukweli ukaniacha nilie."

Hakunikubali.

Yule niliyemwoa baadaye nilimwambia siku ya pili tu ya kujuana, tukiwa tumesimama sokoni Voi. Akauliza, "Sasa niwe nakuwekea nini kwenye mkoba?" Ndiye mama wa wanangu.

Basi sikia, mwanangu. Akili ya mtu huweza kuyumba kwa sababu nyingi: sukari, kifafa na dawa zake, malaria ikipanda kichwani, hata tiba ya saratani humwachia mtu usahaulifu wa miezi. Ukimwona mtu anaropoka, usikimbilie kusema amelewa au amerogwa. Muulize kwanza: umekula? Unatumia dawa gani? Kama ni wa sukari na bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu; kama hawezi, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na kama ugonjwa ni wako, usiache dawa kwa aibu wala usiufiche. Mwambie daktari akili inapopotea. Mwambie unayempenda mapema, kabla hajasimuliwa na watu wengine.

Mungu akulinde mwili na akili, mwanangu. Akupe maneno wakati wa maneno. Na siku utakapoyumba, maana wote huyumba, akuweke karibu na mtu uliyekwisha kumwambia.