Robo Inchi ya Haji

Kwetu Kenya hakuna uwindaji. Sheria iliufunga kabla sijaingia jeshini. Kwa hivyo jirani yangu hapa Bulla Pesa aliponiambia anataka bunduki ya kuwinda, nilimuuliza ametafuna miraa gani asubuhi. Alicheka. Mkwewe anaishi Tanzania, ambako mtu anaweza kupata kibali cha swala mmoja, na huko huko kuna fundi anayetengeneza bunduki kwa kipimo cha mwenyewe. Bunduki ingebaki kwa mkwe. Kazi yangu ilikuwa kumchagulia risasi.

Jirani huyu ni Mborana, mfanyabiashara wa mbuzi, na kwa kuwa amehiji, mtaa mzima humwita Haji. Mimi nilikuwa fundi wa silaha, nikastaafu na jina la Afande. Haji alikuwa ameamua mambo mawili: risasi iwe ya robo inchi, maana bega lake limechoka, na darubini ya kulengea hataki.

"Mtu anatafuta nyama na kioo aende buchari," alisema.

Hapo udadisi ukanipanda. Robo inchi ni upana wa risasi tu. Nyuma yake kuna ganda la baruti, na maganda hayafanani. Lipo fupi, lenye teke dogo begani, lakini risasi yake huanza kushuka mapema. Lipo refu, risasi yake huenda karibu imenyooka hadi mbali, ila hutaka mtutu mrefu na bega hulihisi. Niliyachora yote mawili kwa vipimo halisi, seremala akanichongea mifano ya mti, nikaisimamisha mezani kando ya chai. Mke wangu akauliza kama nimeanza kucheza drafti uzeeni. Sikujali. Sijafurahia kitu namna hiyo tangu nivue gwanda.

Fundi wa Tanzania alitaka jibu la swali moja kabla ya kuchonga mtutu, kwa sababu ukishachongwa kwa ganda refu haurudi kuwa wa fupi. Haji atapiga kutoka umbali gani?

"Umbali ya kujua sikio ya mbuzi," Haji akasema bila kufikiri.

Wafugaji wa hapa hukata masikio ya mifugo, kila ukoo na mkato wake, na anayesoma sikio kabla mnyama hajafika ndiye mwenye macho. Kwa Haji hilo halikuwa jambo la sifa tu. Yeye hali nyama ya mnyama ambaye hakumfikia na kisu angali hai, na kumjeruhi swala akaenda kufia vichakani, kwake ni dhambi ya kwenda nayo kaburini. Umbali ukikosewa, mimi ndiye nitakuwa nimemtia katika dhambi hiyo.

Tukaenda kupima kwa mbuzi wake, nje ya Ngaremara. Amewanunua kila mahali, kwa hivyo masikio yao hayalingani. Walikuwa ng'ambo ya lugga, mto mkavu wa mchanga. Haji akanyoosha fimbo.

"Ile ya mbele, sikio ya kushoto imepasuliwa mara mbili. Ile nyeusi, ya kulia imekatwa ncha."

Nilitembea nikihesabu hatua, mia mbili na kumi, nikakagua mmoja mmoja. Hakukosea hata mmoja. Nikafurahi, maana moyoni nilikuwa nalitaka ganda refu na nilikosa tu sababu.

Lakini bunduki haijaribiwi kwa shabaha moja. Hayo ni mazoea ya kazi. Kando ya barabara mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akiuza makaa alikuwa na mbuzi sita. Nikamwomba Haji awasome hao.

"Hiyo nyeupe, ya kulia imekatwa ncha."

Nikaenda kuangalia. Masikio yalikuwa mazima. Tukasogea hadi hatua mia, akakosea. Hamsini, akakosea. Ishirini, akakosea tena, na yule mama akaanza kututazama kama wanunuzi waliorukwa na akili. Mwishowe Haji akamshika mbuzi, akapitisha vidole kwenye sikio, ndipo akasema sawasawa.

"Sasa zako unazijua aje, Haji?"

Alimwachia yule mbuzi. "Najua na mwendo. Kila moja iko na kutembea yake." Kisha akasema polepole, "Nilifikiri naona sikio. Wallahi, Afande, nilifikiri naona."

Nilimwamini. Na nikaona aibu, maana wiki tatu nilikuwa nimepima maganda, baruti na hatua, na macho ya mwenye bunduki sikuyafikiria hata mara moja.

Tulikaa juu ya jiwe karibu na lami. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba hakuna ganda, fupi wala refu, la kumfaa hivi alivyo. Kesho twende kwa daktari wa macho; fundi atangoja.

"Sawa," akasema. Akachezea fimbo yake kidogo. "Hata wewe nakujua na mwendo. Ukitembea, nasema huyo ni Afande. Ukikaa tu kwa mlango yako, sijui ni nani."

Karibu mwaka mzima, jioni nikiwa nimeketi mlangoni kwangu, nilikuwa nikimwona akipita bila salamu, na nikawaambia majirani kwamba Haji ameota mapembe tangu atoke Maka.