Nilivyomsitiri Chief wa polisi wa Kimarekani mbele ya darasa Muscat, nusura nikose kazi

Wakuu, salaam aleikum nyote. Leo nnaandika la kwangu mwenyewe, si la jirani wala la rafiki wa rafiki. Sipunguzi kitu, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nlikuwa Muscat. Mimi mzaliwa wa Unguja, kule nlimfuata dada yangu aliyeolewa Ghubra.

Nikapata kazi ya ukalimani kwenye kampuni moja ya ulinzi, ofisi zake Khuwair ya Kusini. Miezi mitatu ya majaribio, kisha ndiyo wanipe contract. Kiingereza nnacho, Kiarabu nnacho, na majivuno nlikuwa nayo kuliko vyote viwili.

Kampuni ikamleta Mmarekani kuwafundisha walinzi wapya. Mister Walter. Kwao alikuwa chief wa polisi wa mji mdogo, kastaafu. Joto la Muscat lilimtesa masikini, shingo nyekundu kutwa, lakini shati halijawahi kutoka ndani ya suruali. Sote tukimwita Chief.

Darasani walikuwemo wanaume ishirini na wawili, wote Waomani. Anasema Chief, mimi natafsiri kwa Kiarabu, halafu namalizia kwa Kiswahili kwa wale wenzetu waliozaliwa Bara. Mkubwa wao akiitwa Ami Seif, mzaliwa wa Tabora, miaka hamsini na kitu. Alikuwa hana kazi muda mrefu, na hii aliitaka kweli kweli.

Siku ya kwanza Chief akaanza na historia yake ya kazi.

Alianza askari wa kawaida, anatembea mtaani kwa miguu. Akapanda cheo kimoja. Siku moja mwenzake, kalewa, akaingiza gari la polisi ndani ya duka la kinyozi. Chief akamwandikia ripoti ya kumwokoa: ati mbwa alikatisha njia.

Wakubwa wakachunguza. Mbwa hakuna. Chief akavuliwa cheo, akawekwa kulinda mahabusu miaka miwili. Kisha akaanza upya kutoka chini, pole pole, mpaka akakalia kiti cha chief.

Wakuu, nikaganda.

Kwetu sisi mtu mzima, tena mgeni, tena mwalimu, humwaniki aibu yake mbele za watu. Hata akiianika mwenyewe, wewe unaianua. Ndivyo nlivyolelewa.

Basi nikaianua. Nikawaambia, "Baada ya hapo wakubwa wakamwamini zaidi, wakampa jukumu zito la kusimamia mahabusu." Ripoti na mbwa nikavitupa kabisa.

Darasa zima: "Mashallah!"

Chief akabaki anawatazama. Anapongezwa kwa kuvuliwa cheo! Nafikiri alidhani ndiyo desturi ya Waomani.

Miezi ikapita, nikasahau. Ukaja mtihani wa mwisho. Maswali aliyatafsiri karani wa ofisini, mimi sikuyaona. Kazi yangu ilikuwa kukaa na Chief baadaye nimsomee majibu kwa Kiingereza.

Nikafungua karatasi ya kwanza. Swali la tano, lenye alama nyingi kupita yote: Mwalimu wenu aliadhibiwa kwa kosa gani, na mnajifunza nini kuhusu kuandika ripoti?

Loh!

Jibu: "Mwalimu hajapata kuadhibiwa, ni mtu wa kuheshimika." Nikafungua ya pili, yale yale. Ya tatu, yale yale. Ya Ami Seif pia. Wote ishirini na wawili wamekosa, na bila alama zile zaidi ya nusu wanarudi nyumbani bila kazi.

Chief anangoja, kalamu mkononi. Wallahi nliweza kumdanganya. Ningebuni majibu mazuri, wote wakapita, na wiki inayofuata nikasaini contract yangu. Nani angejua?

Lakini mdomo ulikataa. Nikamwambia kila kitu, jasho linanitoka na AC imewashwa.

"Kwa nini?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya kusitiriana. Akaweka kalamu chini.

"Na mimi nlivyoandika habari ya yule mbwa," akasema, "nlidhani namsitiri mwenzangu. Akaendelea kunywa. Mara ya pili hakugonga duka, aligonga mtu."

Nikajua kazi basi tena.

Kesho yake akanisimamisha mbele ya darasa. Akataka niisimulie ile historia yote, mbwa na mahabusu, kisha niseme na nlichokifanya mimi. Kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili. Aibu mara mbili!

Nilipomaliza, Ami Seif akanyanyua mkono.

"Mwanangu, mimi Kiingereza nakisikia, nilifanya kazi reli kule Tabora. Nilikusikia siku ile ile unapindisha."

"Sasa ami, mbona kwenye mtihani uliandika uongo?"

"Ningeandika kweli, ungefukuzwa. Nikakusitiri."

Jamani! Mzee wa watu aliiweka rehani kazi yake kwa ajili yangu, mimi niliyejiona ndiye msitiri. Machozi yalinitoka mbele ya wote, sioni haya kusema. Nikamtafsiria Chief neno kwa neno. Akajishika kichwa, akacheka mpaka akakaa chini.

Akafuta swali la tano, akasema litarudiwa jioni ile ile kwa swali jipya. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema contract yangu ipo palepale, ila adhabu yangu nitaikuta kwenye karatasi.

Swali jipya: Mkalimani wenu aliadhibiwa kwa kosa gani?

Wote walipata. Waliandika kurasa na kurasa, wakuu, hakuna aliyebakisha kitu. Na mimi nikakaa mbele ya Chief nikamsomea majibu yote ishirini na mawili, bila kuruka hata neno. Nilifurahi siku ile kama nimezaliwa upya.

Nimefanya ukalimani kule mpaka miaka ya elfu mbili na kitu. Nlichojifunza: kusitiri watu ni kuzuri, lakini maneno ya mtu ukipewa uyabebe, yafikishe yote.

Wakalimani, makarani, walimu mliomo humu, nani kati yenu ashawahi kumfichia mtu hivi? Semeni. Leo hakuna kusitiriana.