Fundi Anayeisikiliza Mbao kwa Sikio la Mkewe

Saa tatu asubuhi, mlango wa karakana uko wazi. Fundi ameinama juu ya meza ya kuandikia, anaigonga kwa ukucha. Ko, ko, ko. Upande wa pili mkewe ameketi kwenye stuli, amefumba macho, sikio lake nusura liguse mbao.

"Endelea," anasema kwa sauti kubwa. "Pazima. Pazima. Hapo pia pazima."

Mtaani wanamwita Fundi Ngozi, ingawa hajawahi kushona hata kandambili. Yeye huvisha mbao ngozi. Kazi yake ni vinia, ule utando wa mti wa thamani, mwembamba kama ukucha, unaogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Ana miaka sitini na saba. Arobaini na mmoja ameimalizia katika chumba hiki chenye harufu ya gundi ya moto.

"Vinia unaitazama kwa macho, lakini unaijua kwa sikio," anasema. "Ikishika, inajibu kama mtu aliyeshiba. Ikiachia, chini kuna hewa, inalia kama debe."

Tatizo ni kwamba masikio yameanza kumtupa mkono, huu mwaka wa tatu. Mwaka jana alimkabidhi mteja kabati, na baada ya wiki mbili likarudi, mlango umejaa malengelenge. Pale pote alikuwa amepagonga. Hakusikia kitu. Alifunga karakana siku kumi na moja, akawa anakaa tu nyumbani akitazama mikono yake.

Mkewe ndiye aliyeshika ufunguo siku ya kumi na mbili. "Nilimwambia, mzee, miaka yote nakuletea chai kule, unadhani masikio nilikuwa nayaacha nyumbani?"

Zamani, fundi anakumbuka, makabati manne kwa mwezi yalitoka hapa, na wateja walipanga zamu. Watu walikuja jioni kutazama tu namna mistari ya mti inavyokutana katikati ya mlango. Siku hizi akipata kazi moja kwa mwezi anashukuru. Fanicha za dukani zinavikwa plastiki yenye picha ya mbao.

Hata zamani hizo zilikuwa na miiba yake. Walipooana, alimtengenezea mkewe kabati la nguo. Shemeji yake alikwaruza ukingo kwa ufunguo, akaona mbao nyeupe chini.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!" alitangaza mbele ya wageni. "Dada, umeolewa na vinia." Shemeji alikuwa na Kiingereza chake, na alijua kwamba kwa Kiingereza neno hilo humsema pia mtu mwenye sura ya juu juu.

"Nililia," mkewe anasema. "Sikulilia kabati. Nililia kwa sababu na mimi niliamini kidogo."

Meza ya leo ni ya mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Ilikuwa ya marehemu mumewe, na kona yake iliungua kwa pasi. Mti wa namna ile hauuzwi tena. Kwa hiyo fundi aliipindua meza, akabandua kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka chini, mahali pasipotazamwa, akakileta juu. "Tunaazima mgongoni, tunaweka usoni," anasema. Kipande kingine hakuna.

Ko, ko.

Mkewe anafumbua macho. "Rudi nyuma. Hapo pana hewa."

"Hapana. Hapo nimepabana mwenyewe jana."

"Umepabana, ndiyo. Na ni debe."

"Labda ni hiyo stuli yako inalia."

"Stuli yangu hailii, mzee. Inavumilia."

Fundi hacheki. Akipaacha na mkewe yuko sahihi, kona itavimba, na hakuna mteja atakayemwamini tena. Akipapasua na mkewe amekosea, ameharibu kipande pekee. Anagonga mara nyingine, anainamisha kichwa. Kwake pote ni kimya kilekile.

Anamtazama mkewe kwa muda. Kisha anachukua wembe, anachana kufuata mstari wa mti, anabonyeza kando kwa dole gumba. Punje ya vumbi inaruka kutoka kwenye mpasuko. Hewa ilikuwamo.

"Sikio la kufa," mkewe anasema.

"Halisikii dawa," fundi anamalizia, uso umemkunjuka. "Lete gundi."

Saa kumi mwalimu anafika. Anapitisha kiganja kwenye kona, anarudia, haoni mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Machozi yanamlengalenga. Fundi anamwambia yale anayomwambia kila mteja tangu siku ya ule ufunguo wa shemeji: hii ni vinia, chini ni mbao ya kawaida.

"Usiliseme kwa aibu," mwalimu anajibu. "Waingereza walilitoa neno hilo kwa Wajerumani, nao kwa Wafaransa. Huko lilikotoka lilikuwa na maana ya kupatia, kukipa kitu kile kilichokipungukia."

Fundi anamgeukia mkewe. "Anasemaje?"

"Anasema ni kukipa kitu kile kilichokipungukia!" mkewe anarudia, karibu na sikio lake.

Fundi anatikisa kichwa taratibu, kama anayelionja neno.

Meza inapoondoka, anaeleza mpango wake. Anaweka akiba anunue kifaa cha kusikia, na kwa malipo ya leo amefika nusu ya bei. Je, ni ili aanze tena kugonga peke yake?

"Aa, mbao ni zake sasa. Simwondoi." Anapunguza sauti, au anadhani ameipunguza. "Huyu ana tabia ya kunung'unika akifagia. Ananisema mimi, anawasema majirani, anacheka peke yake. Miaka mitatu sijamsikia. Ndicho ninachokitaka."

Mkewe, ufagio mkononi, ameshasikia yote. "Akisikia ninayoyasema," anasema bila kuinua kichwa, "kifaa atakirudisha dukani siku hiyohiyo."

"Kasema nini?" fundi anauliza.